Moyo wa Gervas Wapita Forodhani

Gervas Ntwari alikuwa wakala wa forodha pale Rusumo, na kwa miaka mingi aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisilomalizika kwa karatasi nzuri. Lori likifika mpakani na shehena yake, mtu wa kuhakikisha linavuka daraja kwenda Rwanda alikuwa yeye, na kazi hiyo aliifanya kwa mbwembwe: kalamu mbili mfukoni mwa shati, kitambulisho shingoni hata Jumapili kanisani, na sauti ya mtu anayesikilizwa na serikali. Serikali haikumsikiliza zaidi ya ilivyowasikiliza mawakala wenzake, ila madereva wageni hawakulijua hilo, na Gervas hakuona sababu ya kuwaambia.

Ofisi yake ilikuwa bondeni karibu na mpaka. Nyumba yake ilikuwa juu, kwenye migomba ya ukoo wake, na kati ya hizo mbili ulikuwepo mlima. Mlima huo alikuwa ameupanda tangu utoto bila kuufikiria. Kisha, masika fulani, mlima ukaanza kumfikiria yeye. Kila akipanda jioni, hasa akiwa ameshiba, maumivu mazito yalimshika kwenye taya la kushoto, na chini ya koo pakambana kama amevaa tai iliyofungwa na mtu mwenye hasira. Akisimama kidogo, yanaisha. Akianza kupanda tena, yanarudi.

Mtu mwingine angemuuliza daktari. Gervas alijiuliza mwenyewe, akajijibu, na akaridhika na jibu. Alimweleza mkewe Domisiana kwamba ni jino. Mtu akipanda mlima huhema, akihema hewa ya baridi huingia kwa wingi mdomoni, na hewa hiyo huchokoza jino bovu. Domisiana, mwanamke mkulima asiye na maneno mengi, alimuuliza mbona halimuumi akila ndizi za moto wala akinywa maji ya baridi. Gervas alimwambia mambo ya meno yana undani wake.

Akaenda mjini Ngara kwenye kliniki ya meno. Mganga wa meno alimkagua, akagongagonga gego moja moja, akasema haoni ubovu wowote. Akamuuliza kama maumivu huja akitembea. Gervas alimjibu kwamba amekuja kung'olewa, hakuja kuhojiwa. Wakabishana kwa muda, na kwa kuwa Gervas alikuwa na kipaji cha kumchosha mtu mpaka asaini, gego likang'olewa. Lilitoka zima, jeupe, lenye mizizi imara kama ya mvule. Alilileta nyumbani limefungwa kwenye karatasi laini na kumwonyesha mkewe, akimweleza mahali ulipokuwa ubovu. Domisiana aliligeuzageuza mwangani, asiuone.

Haikupita wiki, mlima ukamshika tena pale pale. Gervas akatangaza kwamba yule mganga amekosea jino, na akaanza kupanga safari ya kung'oa la pili. Hapo ndipo Domisiana alipovaa kitenge chake cha kanisani asubuhi na mapema, akakaa barazani na mkoba mapajani. Mumewe alimuuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda naye hospitali ya wilaya kupimwa moyo. Gervas akasema hana nafasi. Domisiana hakubisha. Alikaa tu. Majirani wakaanza kupita na kumuuliza Mama Wema, kama walivyomwita kwa jina la mwanawe, anasubiri nini, naye akawa anawajibu mmoja mmoja kwa ukweli kamili kwamba anamsubiri mume wake aache kuogopa. Saa nne haijafika, walikuwa barabarani.

Daktari waliyempata aliitwa Mashimba, kijana wa Shinyanga, mwembamba, mwenye Kiswahili kizito cha Kisukuma na adabu nyingi. Alipomwona Gervas anaingia alisema, "Shikamoo mzee." Gervas akaitikia marahaba, na tangu dakika hiyo akahesabu kwamba mkubwa kwenye chumba kile ni yeye.

Daktari aliuliza maswali mengi. Maumivu huanza wakati gani, huisha akifanya nini, baba yake alifariki kwa ugonjwa gani, anavuta sigara, anakula nini akienda safari. Gervas aliona maswali hayo ni ya mtu anayetafuta pa kuanzia. Hakujua kwamba yalikuwa nusu ya kipimo chenyewe. Akafungwa mkanda wa presha mkononi, ikaonekana iko juu. Akasikilizwa kifuani. Akatolewa damu ya kuangalia sukari na mafuta. Mwisho akalazwa kitandani, akabandikwa nyaya kifuani, kwenye mikono na miguu, kwa ajili ya kipimo cha ECG. Hiki alikipenda. Alilala ametulia kama kiongozi anayevishwa nishani, na mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari ya milima midogo iliyofuatana kwa adabu.

Daktari aliitazama, akasema haina kasoro. Gervas akashuka kitandani na kuanza kuvaa shati. Yaliyosemwa baada ya hapo aliyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

"Mzee, naomba unisikilize," daktari alisema. "Hiki kipimo kimesikiliza umeme wa moyo wako kwa sekunde chache, ukiwa umelala. Maumivu yako yanakuja ukipanda mlima, na mimi sikukupima ukiwa mlimani. Mshipa unaweza kuwa umeziba nusu na karatasi ikatoka safi hivi hivi."

Akaendelea kueleza kwamba Mwanza kuna mashine yenye mkanda unaotembea. Mgonjwa hutembea juu yake akiwa na nyaya zile zile kifuani, mkanda unaongezwa kasi na kuinuliwa kidogo kidogo kama mlima, na hapo ndipo moyo hulazimika kusema kama damu inautosha. Kuna pia altrasaundi ya moyo, wanayoiita eko, inayoonyesha unavyosukuma damu. Akamwandikia rufaa, akampa vidonge na kumkataza kupanda haraka haraka. Gervas aliuliza kama anatakiwa akakimbie kama mbuzi mbele ya manesi, mtu wa umri na nafasi yake. Daktari akamwambia si lazima akimbie, kutembea kwa nguvu kunatosha. Gervas akasema ataangalia ratiba yake.

Hakuiangalia. Rufaa alisafiri nayo mfukoni mwa suruali mpaka Domisiana alipoifua kwa bahati mbaya. Vidonge alivimeza kwa siku chache, akaona vinamkumbusha kuwa ni mgonjwa, akaviacha. Ila ile karatasi ya ECG aliipeleka kwenye duka la vifaa vya ofisi, ikawekewa plastiki ngumu, akaitundika ukutani ofisini kati ya leseni yake na kalenda ya parokia. Wateja walipouliza ni nini, aliwaeleza kwamba moyo wake umekaguliwa na kupita njia ya kijani. Kwa lugha ya forodha, mzigo uliopita njia ya kijani haufunguliwi tena. Gervas hakutaka kukumbuka kwamba kila mzigo mpya hukaguliwa upya, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshaona malori yenye karatasi safi yakifunguliwa na kukutwa na mambo.

Basi akawa mtaalamu. Watu waliopimwa moyo walianza kumletea karatasi zao awasomee, naye hakumkatalia mtu. Jirani yake Niyibizi, dereva wa lori, alileta ya kwake aliyopimwa alipokuwa anahuisha leseni. Gervas aliiweka kando ya ile ya ukutani, akalinganisha, akaona milima ya Niyibizi ni mifupi. Akamwambia aanze kumweka Mungu karibu. Niyibizi hakupata usingizi kwa siku nyingi. Aliacha safari ya Kigali, akaacha pombe, akamwita mdogo wake kumwonyesha mipaka ya shamba. Mkewe alipompeleka kwa Daktari Mashimba, akaambiwa moyo wake hauna neno, na kwamba urefu wa milima ile hutofautiana kwa kila mtu, kwa unene wa kifua na hata kwa jinsi nyaya zilivyobandikwa. Niyibizi alirudi kazini, lakini kwa muda mrefu alikuwa akimsalimu Gervas kwa kichwa tu.

Hayo hayakumtikisa Gervas. Aliyempa nguvu zaidi ni Teddy wa Lusahunga. Gervas alikuwa amefuata lori lililokwama pale njia panda, na akisubiri fundi, akamwona mwanamke huyo chini ya mwavuli mkubwa, kando ya wauza mishikaki, na kompyuta ndogo mezani. Mteja alikuwa anashika kijiti cha chuma, anakibana kwa kitambo, na mashine inatoa hali ya mwili mzima. Hakuna sindano, hakuna kuvua shati, hakuna kijana wa kukuhoji chakula unachokula. Madereva walipanga foleni.

Gervas alishika kijiti. Mashine ikasoma: moyo asilimia tisini na saba, ini zuri, figo nzuri, upungufu wa madini, na kizazi kiko imara kabisa kwa kubeba mimba. Gervas aliuliza kuhusu hilo la mwisho. Teddy, bila kutikisika, alisema mashine ilikuwa haijaambiwa kama mteja ni mwanamume. Akabonyeza mahali, kizazi kikatoweka, ikaja tezi dume, nayo ikawa imara vile vile. Gervas aliridhika na majibu yote mawili. Aliondoka na makopo ya dawa za majani ya kuongeza madini, na njiani kurudi alikuwa anamweleza fundi kwamba hospitali za wilaya zimebaki nyuma.

Akaamua kufanya shukrani. Alitoa nia kanisani, misa ikasomwa, kisha wageni wakaalikwa nyumbani kwake mchana ule wa Jumapili. Mbuzi walichinjwa, rubisi, ile pombe ya ndizi, ikawepo ya kutosha, na hata Niyibizi alikuja, kwa sababu kununa ni kununa na mbuzi ni mbuzi. Gervas alisimama akatoa hotuba juu ya afya. Aliwaasa wenzake wapime, aliwataja watu wanaojidekeza na kukimbilia Mwanza kwa kila kichomi, na kumalizia akasema atawaonyesha moyo wa asilimia tisini na saba unafanya nini. Soda zilikuwa zimeachwa barabarani na pikipiki, chini ya kilima. Akashuka mwenyewe, akabeba kreti begani, akaanza kupanda nalo mbele ya wageni wake wote.

Alifika nusu. Maumivu yalikuja kwenye taya la kushoto, mahali pale pale, na Gervas akapeleka ulimi kwenye jino linalouma. Halikuwepo. Palikuwa na ufizi tu, laini, uliokwisha kupona. Alisimama na kreti begani, akitafakari jinsi jino lililoko kabatini linavyoweza kumuuma akiwa nje. Kisha maumivu yakashuka kifuani na kuteremkia mkononi, jasho la baridi likamtoka, na akaliweka kreti chini polepole sana, kwa uangalifu, kama mtu anayemlaza mtoto. Safari hii alisimama na hayakuisha.

Gari lililokuwa karibu ni la shemeji wa Niyibizi, na aliyeendesha ni Niyibizi. Domisiana alikaa nyuma na mumewe. Walipopita ofisini, Gervas alilazimisha gari lisimame, akamtuma Niyibizi akaichukue karatasi yake ukutani. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana na mtu aliyepauka uso vile, wakaichukua.

Hospitalini alimnyooshea Daktari Mashimba ile plastiki hata kabla ya kulala. Alisema kwa pumzi fupi kwamba kipimo tayari kipo, wasirudie kazi. Daktari aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka dirishani.

"Huu ni moyo wako wa wakati ule, mzee," alisema. "Mimi nautaka wa leo."

Akapewa aspirini ya kutafuna, akabandikwa nyaya upya. Karatasi mpya ilionyesha mabadiliko madogo, ya kutia shaka. Damu ikachukuliwa. Majibu yalipotoka, yalikuwa ya kawaida, na maumivu nayo yalikuwa yamepungua kwa dawa. Gervas akaketi kitandani, rangi imeanza kumrudia na ujuaji pia. Alisema amesikia kwa masikio yake kwamba damu ni safi, wageni wake wanamsubiri, na nyama inapoa. Akatafuta viatu.

Viatu havikuwepo. Domisiana alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na kitenge kimefunika miguu, na chini ya kitenge, viatu vya mumewe. Gervas alimwamuru avitoe. Hakuvitoa.

Daktari aliwaeleza wote wawili, taratibu, kwa nini damu itachukuliwa mara ya pili. Alisema msuli wa moyo ukiumia huvujisha kitu fulani kwenye damu, lakini hakionekani papo hapo, huchukua saa kadhaa kujikusanya. Ukipima mapema mno, utamwambia mgonjwa ni mzima na kumpeleka nyumbani kufa. Kipimo cha kwanza kikiwa safi kinasema tu kwamba mpaka wakati ule hawajaona kitu. Gervas alisema hajawahi kuona mzigo uliopita ukirudishwa kwenye foleni. Domisiana akasema, "Baba Wema, viatu hupati." Hayo ndiyo maneno pekee aliyoyasema pale, na yalitosha.

Damu ya pili ilikuja na majibu mengine kabisa. Kile kitu kilikuwa kimepanda sana. Moyo wa asilimia tisini na saba ulikuwa unakufa kidogo kidogo upande mmoja, wakati mwenyewe anatafuta viatu.

Hapo mambo yakaenda mbio. Alichomwa sindano za kuzuia damu isigande, akapakiwa kwenye gari la wagonjwa kuelekea Mwanza. Walipopita Lusahunga, Teddy alikuwa chini ya mwavuli wake, akimshikisha dereva mmoja kijiti. Gervas aligeuzia uso upande wa pili.

Mwanza alipakwa mafuta ya baridi kifuani na dada mmoja mpole, akapitishiwa kifaa cha eko, na kwa mara ya kwanza akauona moyo wake kwenye kioo. Alitarajia kitu chenye heshima. Aliona kidude cha kijivujivu kinachopapatika gizani. Dada yule alimwonyesha kwa kidole jinsi kuta zinavyobana kwa pamoja kusukuma damu, na sehemu moja ya ukuta iliyozubaa, haibani kama wenzake. Gervas aliuliza kama hiyo sehemu haikuwa imepumzika tu. Akaambiwa imeumia, na kinachotakiwa sasa ni kuona mshipa unaoilisha.

Kwa hilo akasafirishwa hadi Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia siku ya kipimo hicho aliungama dhambi zake zote kwa padri, akihesabu kwamba atapasuliwa kifua. Kumbe walipitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka kwenye moyo, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye picha, na mishipa ikajitokeza kama mito kwenye ramani. Mmoja ulikuwa umebanwa karibu kuziba. Wakautanua na kuacha ndani yake kijibomba cha wavu wa chuma ili usijifunge tena. Yote hayo Gervas akiwa macho, akisikia wanavyozungumza. Baadaye alilalamika kwamba angejua ni mkono tu, dhambi mbili tatu asingezitaja.

Alirudi Rusumo amekonda, akiwa na vidonge vya kumeza kila siku na moyo uliopoteza kipande cha nguvu zake. Daktari wa Dar alimwambia wazi kwamba kipande hicho angekuwa nacho mpaka leo kama angekwenda kwenye mkanda unaotembea alipoandikiwa. Domisiana alikuwepo aliposema, na Gervas aliomba asilisimulie hilo. Hakulisimulia. Watu wakajua tu.

Ungedhani amejifunza. Amejifunza, lakini kwa namna yake. Sasa ECG anaiita kipimo cha watoto, na kila anayelalamika kichomi anamwagiza adai kupitishwa mpira mkononi. Daktari Mashimba alianza kupokea vijana wenye kiungulia wanaokataa kulala kitandani, wakitaka wapelekwe Dar. Siku Gervas alipokwenda kliniki kuangaliwa, daktari alimwomba kwa unyenyekevu asiwatume tena, akamweleza kwamba kila kipimo kina swali lake, na huwezi kuanza na la mwisho kabla ya kuuliza la kwanza. Gervas akasema ameelewa, kwa sauti ya mtu anayemsaidia kijana kujieleza.

Kisha daktari akamgeukia Domisiana, aliyekuwa ameketi pembeni na mfuko wa dawa za mumewe.

"Na wewe mama, umepimwa lini?"

Domisiana alifikiri, akasema hakumbuki. Labda alipokuwa na mimba ya Wema. Wema sasa ana watoto wake. Daktari akauvuta mkono wake, akaufunga mkanda wa presha, akapampu, akasikiliza. Akarudia mkono wa pili. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya Gervas ilivyowahi kuwa. Daktari aliuliza kama kichwa humuuma. Domisiana akasema kila jioni, akishapandisha maji kutoka bondeni, lakini hakuona haja ya kusema kwa sababu nyumbani tayari kulikuwa na mgonjwa.

Gervas alitazama mkanda ule ukilegea mkononi mwa mkewe. Domisiana akaandikiwa vidonge vyake, akalazwa kitandani akapigwa ECG, akaambiwa arudi baada ya wiki chache. Wakaondoka pamoja, na siku ile ni Gervas aliyebeba mfuko.

Domisiana anaendelea vizuri, na maji sasa yanaletwa na pikipiki. Ukipita Rusumo na kuwakuta mawakala wanapiga soga wakisubiri malori, utamsikia Gervas akisimulia jinsi presha ya mke wake ilivyogunduliwa mapema. Anasema aliitambua yeye, kwa kumwangalia tu usoni.